Karibu ya Pangoni

Mwezi wa Januari, jua la Toronto huaga mapema kama mfanyakazi asiyeipenda kazi yake. Saa kumi na moja jioni taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka, na Kagendo alishuka kwenye basi la barabara ya Kipling akiwa na mfuko wa unga mkono huu na dumu la maziwa mkono ule. Mgongo ulimuuma. Alikuwa amepakia maboksi tangu alfajiri kwenye ghala lililo karibu na uwanja wa ndege, na hiyo Jumatatu ilikuwa siku yake ya kwanza kazini baada ya likizo. Hakuwa na mipango mikubwa. Amchukue mtoto, asonge ugali, alale.

Alipanga nyumba ya chini kwa Bi Mumtaz, ile ya kushuka ngazi hadi ndani ya ardhi, ambayo Wakenya wa huko huiita besimenti. Mlango wake ulikuwa ubavuni mwa nyumba. Bi Mumtaz mwenyewe, mjane wa Kiismaili aliyezaliwa Mombasa, alikaa juu, na ndiye aliyemwangalia Melissa baada ya shule mpaka mama yake afike. Hakuifanya kazi hiyo kwa mapenzi. Kagendo naye hakumwomba mapenzi. Alimwomba mtoto asipigwe na baridi, basi.

Jioni hiyo alimkuta Bi Mumtaz amesimama kizingitini, begi la Melissa mkononi, kama mtu anayerudisha mzigo dukani.

"Kesho usimlete," alisema, hata salamu hakuna.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimempa mkate, hataki. Nimempa chai, hataki. Ananiambia mgeni wenu hajala, na yeye hawezi kula kabla ya mgeni." Akashusha sauti. "Tulipatana wewe na mtoto. Huyo mgeni umemleta lini?"

"Mgeni gani, Bi Mumtaz? Mimi mwenyewe nabanana."

"Usinifanye mjinga. Mchana kutwa namsikia anatembea huko chini. Na joto lenu linapanda mpaka kwangu, madirisha yanatoka jasho. Unafuga nini?"

Melissa alitokeza nyuma yake, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa na miaka minane. Kiswahili alikielewa chote, lakini tangu alipoanza shule alijibu kwa Kiingereza. Mama aligomba kwa lugha yake, mtoto akajibu kwa yake, na nyumba ikaenda.

"Twende, mama," alisema Melissa. "Si vizuri kumweka mgeni na njaa."

Kagendo alisimama palepale.

Kilikuwa Kiswahili kilichonyooka, kipole, cha mtu mzima. Lafudhi yake haikuwa ya Toronto. Haikuwa ya kwao Meru pia.

"Umesema nini?"

Mtoto alishamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na unyevu. Na vya baridi, kama samaki aliyetolewa kwenye barafu.

Nyuma yao mlango wa Bi Mumtaz ulifungwa. Kufuli. Halafu mnyororo.

*

Joto lilimpokea Kagendo usoni alipofungua mlango wa chini.

Halikuwa joto la mitambo ya nyumba, lile linalokausha midomo. Lilikuwa joto la maji. Kuta ziling'aa. Kioo cha jikoni kilitiririka. Na harufu... udongo uliolowa usiolijua jua, na kitu kikali kinachochoma pua mpaka machozi yanakuja.

Kinyesi cha popo.

Aliijua. Nguo walizosafiri nazo alikuwa amezifua mara mbili jana, Jumapili, walipofika tu kutoka uwanjani, kwa sababu ya harufu hiyohiyo.

Kagendo hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alitua unga mezani, akaenda kushika bomba la joto. Lilikuwa baridi kama jiwe. Akapapasa mabomba ya maji chini ya sinki. Makavu. Akasema moyoni kwamba atamwita fundi, akabandika sufuria, maana mtu hawezi kuogopa na tumbo tupu.

Ugali ulipoiva, Melissa alipanga sahani. Moja. Mbili. Tatu. Ile ya tatu aliijaza, akaweka na mboga ya sukuma kando, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyefunzwa adabu, akaingia nayo chumbani kwake. Akatoka mikono mitupu. Akaketi sakafuni.

"Melissa. Chakula hicho umempelekea nani?"

"Mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Wako. Si wewe ndiye uliyemkaribisha?"

Kagendo aliweka mwiko chini. "Na mbona umekaa chini?"

"Kitanda nimempisha." Mtoto alimtazama kama anayeshangaa kuulizwa. "Si ulinifunza wewe? Mgeni akija, mtoto analala chini."

Kweli alimfunza. Kwao ndivyo ilivyo. Mgeni hupakuliwa kwanza, hupewa kitanda, na watoto hutandikiwa sebuleni wala hawanuni.

"Nilimkaribisha wapi?" Swali lilimtoka kwa mnong'ono.

"Pangoni, mama."

*

Mume wake, Murithi, alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba ya mafuta katika mji wa Miri, pwani ya kisiwa cha Borneo, upande wa Malaysia. Aliahidi kuja Krismasi. Hakuja. Kagendo akajikusanya, akamchukua mtoto, akaenda yeye. Hakwenda kwa kumkosa mume. Alikwenda kuona kwa macho yake kazi gani hiyo isiyomruhusu mtu kurudi kwa watu wake.

Aliukuta mji wa joto na mvua, bahari ya rangi ya chai ya maziwa, na mbali juu ya maji miali ya moto ya mitambo ya mafuta ikipepea kama mishumaa isiyozimika. Nyuma ya mji palikuwa na kilima chenye mnara wa zamani wa kisima cha kwanza cha mafuta. Kilima hicho kinaitwa Kanada. Murithi alicheka sana. "Umetoka Kanada, umevuka bahari zote, umekuja kupanda Kanada!" Kagendo hakucheka. Waligombana pale pale juu, mbele ya watalii, na kesho yake, kama njia ya kuomba radhi, Murithi akawapeleka kwenye mapango ya Niah.

Walivuka mto kwa boti. Wakatembea juu ya mbao zilizotandikwa katikati ya msitu, miti imesimama mirefu mpaka anga haionekani, kila kitu kinadondosha maji. Mdomo wa pango ungemeza kanisa na uwanja wake. Juu kabisa gizani zilining'inia kamba na milingoti mirefu ya watu wanaopanda kuvuna viota vya mbayuwayu, viota vinavyoliwa na matajiri. Huwaoni. Unasikia tu sauti zao zikishuka, na ndege wakilialia: tik-tik-tik-tik, kama kucha juu ya meza.

Ndani, njia iliingia kwenye giza zito. Murithi na Melissa walitangulia na tochi. Kagendo aliinama kufunga kamba ya kiatu.

Ubavuni mwake kulikuwa na tundu kwenye mwamba. Hapakuwa na njia hapo. Hapakuwa na mbao wala kamba. Tundu tu, jeusi.

"Hodi..."

Sauti ya chini, ya heshima. Kama jirani mlangoni kwa mama yake kule Nkubu.

Kagendo, macho kwenye kiatu, akajibu, "Karibu."

Hakufikiri. Ni nani kwao hufikiri? Hodi hujibiwa kama chafya inavyotoka. Alikuwa ameshafunga fundo ndipo alipokumbuka yuko wapi, na kwamba katika pango lile lote hakuna mtu mwingine wa kuijua lugha hiyo.

Kutoka kwenye tundu, karibu na sikio lake sasa, pumzi yenye unyevu ikasema:

"Nimeshakaribia."

Alikimbia mpaka akamgonga mumewe mgongoni. Hakusema kitu. Angesemaje, wakati walikuwa hawajapatana? Waliporudi mtoni, boti ilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini mwenye boti alimnyanyua Melissa kwenye kiti chake, akamweka mapajani mwa mama yake. Kiti kikabaki kitupu. Murithi alitaka kukikalia. Mwenye boti akampiga kofi mkononi, akasema jambo kwa lugha yao, ambayo Murithi alishaizoea. Murithi akacheka kidogo, akachuchumaa.

Na boti, Kagendo alikumbuka sasa, ilikaa chini sana majini.

*

Alisukuma mlango wa chumba cha Melissa kwa kidole.

Sahani ilikuwa sakafuni, tupu nusu. Ugali ulikuwa umemegwa kama mtu yeyote anavyomega, kwa vidole, na kubonyezwa kwa dole gumba kuchotea mboga. Lakini alama ya dole gumba ilikuwa ndefu. Ndefu kama kidole chote cha Kagendo, na nusu yake tena.

Kitandani shuka zilikuwa zimelowa. Katikati ya godoro palikuwa na shimo la mtu aliyelala chali. Hakuwepo mtu. Shimo lilikuwepo, na pembeni yake matone, na shimo lilipanda... likashuka... likapanda.

Linapumua.

Kagendo akafunga mlango polepole. Akambeba Melissa aende naye kitandani kwake. Hapo ndipo moyo ulipomruka. Mtoto alikuwa mwepesi. Wiki tatu zilizopita alikuwa hawezi kumwinua bila kuguna. Sasa alimwinua kama kapu lililomwagwa.

Alipiga simu Miri. Kule kulikuwa kumekucha tayari.

"Nini tena, Mama Melissa?" Murithi alisikika anatafuna. "Kama ni yale ya kilimani, mimi nilishayasahau."

"Yule mtu wa boti alikuambia nini?"

"Boti gani?"

"Murithi, usinichezee. Alipokukataza kukaa. Alisema nini?"

"Ushirikina tu. Wewe si mtu wa kanisa?"

"Alisema nini?"

Sauti yake ikabadilika, "Hapo ulipo kuna nini? Hiyo kelele."

"Kelele ipi?"

"Hao ndege."

Kagendo aliitoa simu sikioni. Alisikiliza. Alikuwa ameizoea mpaka hakuisikia tena. Kutoka chumba cha pili, ndani ya ukuta, ndani ya dari: tik-tik-tik-tik.

"Kagendo," Murithi alinong'ona. Hakuwa akitafuna tena. "Alisema, hapo pana mtu. Alisema mmoja wenu amemwita, na mwenye kuita ndiye mwenye mgeni."

"Ukajua. Ukanyamaza. Ukatupandisha ndege naye."

"Nilidhani ni maneno ya watu wa mto..."

"Wewe kazi yako ni kudhani."

Alikata simu. Kando yake, macho yamefumbwa, Melissa alisema kwa kile Kiswahili kipole, "Usigombe, mama. Anasema nyumba ni ndogo tu. Hatutatoshea. Kesho mmoja wetu atalala nje."

Nje ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sufuri.

*

Watu watauliza kwa nini kesho yake, Jumanne, alikwenda kazini. Wanaouliza hawajawahi kuwa kwenye kazi ambayo ukikosa siku moja nafasi yako inapewa mwingine. Alimpeleka Melissa shuleni mwenyewe mpaka ndani ya darasa, akamwomba Bi Mumtaz kwa maneno ya kujidhalilisha amchukue siku hiyo tu. Mama yule akakubali kwa kichwa, bila kufungua mnyororo.

Jioni hiyo basi la Kipling lilitambaa. Theluji ilikuwa imeanguka tangu adhuhuri na ilikuwa bado inaanguka. Kagendo alishuka, akakata kona, akaona kitu kidogo kimekaa kwenye ngazi za mlango wa ubavuni.

Akadhani ni mfuko wa taka.

Mfuko ukainua kichwa.

Melissa alikuwa na fulana. Miguu mitupu. Koti lake, viatu vyake na kofia yake vilikuwa vimepangwa vizuri ndani ya mlango ulioachwa wazi, kwenye zulia, kama vinavyopangwa vya mgeni. Theluji ilikuwa imemkaa mabegani na haikuyeyuka.

"Nimempisha," alisema. Midomo ilikuwa ya kijivu. "Siku ya tatu leo. Amesema mimi nimekaa sana."

Kagendo hakukumbuka baadaye jinsi alivyozishuka ngazi. Alikumbuka kumvingirisha mtoto blanketi, kumsugua miguu, kumtia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko. Alikumbuka kwamba hakulia. Juu yake Bi Mumtaz alikuwa akipiga sakafu na fimbo akifoka, "Alinitoroka! Nilimwacha anatazama runinga, nikaenda msalani, akanitoroka!" Na Kagendo alikumbuka hasira, maana ilikuja taratibu, ikapanda kutoka nyayo, ikafika kichwani ikiwa imepoa na ngumu kama chuma.

Siku ya tatu leo.

Jumapili waliyofika naye, Jumatatu, Jumanne. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yake alimwambia shangazi yake hivyo, mbele ya watu, shangazi huyo alipokuwa amekaa kwao mwezi mzima akinywa chai na kukosoa chumvi. Shangazi alifunga virago kabla jua halijatua. Jembe halitolewi ili mtu alime. Hutolewa ili mtu aone haya. Na kitu hiki, Kagendo aliwaza, kilibisha hodi. Kilingoja karibu. Kilipakuliwa kwanza. Kinajua adabu. Kama kinajua adabu, kinajua na haya.

Jembe hakuwa nalo. Alikuwa na beleshi la theluji, maana kusafisha njia ya ubavuni ilikuwa kazi ya mpangaji wa chini, na Bi Mumtaz hakuacha kumkumbusha. Akalichukua nyuma ya mlango. Akaenda kusimama mbele ya chumba cha mwanawe.

Harufu ilikuwa nzito kama ukuta.

"Wewe," alisema. "Mgeni."

Kucha za ndege zikanyamaza. Zote, mara moja.

"Nimekulisha. Nimekulaza. Mtoto wangu amekuachia kitanda, na wewe umemtoa nje kwenye theluji. Kwetu mgeni ni siku mbili." Akashika kitasa. "Leo ni ya tatu. Jembe lako hili."

Akafungua mlango, akalitupa ndani gizani.

Halikugonga sakafu.

Alingoja alisikie. Alingoja mlio wa chuma juu ya saruji. Hakuna.

Kitu kilikuwa kimelidaka.

Na ile sauti ya chini, ya heshima, ikasema kwa shukrani ya kweli kabisa:

"Nilidhani hutanipa kamwe."

*

Upepo wa joto ulimpita Kagendo begani. Mlango wa nje ulifunguka na kufungwa. Ndani ya pumzi moja nyumba ikawa baridi ya kawaida, na mtambo wa joto ukaanza kunguruma ukutani kama ng'ombe aliyesahauliwa. Harufu ikaondoka.

Kwenye kochi, Melissa alikohoa. Akafungua macho. Akasema, kwa Kiingereza, kwa ile sauti ya kudeka iliyomkera mama yake miaka yote, kwamba ana njaa na miguu inamuuma.

Kagendo alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alikuwa mzito. Uzito wake mwenyewe. Alimwekea wali na maharagwe, akamtazama anavyokula, akafikiri, kwisha, kilicholetwa na mdomo kimeondolewa na mdomo.

Kutoka nje ilisikika sauti ya beleshi. Kraa... kraa... kraa.

Alitazama kupitia kidirisha cha juu, kile kinacholingana na ardhi. Theluji ilikuwa ikihama. Hakuona wa kuihamisha.

Kulikuwa na mlango wa ndani, kichwani mwa ngazi, kati yake na Bi Mumtaz. Ulikuwa umefungwa kwa komeo tangu alipohamia. Sasa ulibishwa kwa kidole kimoja. Kagendo alipanda.

"Kagendo." Sauti ya mama yule ilitoka kwenye ufa, nyembamba. "Yule mwanamume ni nani?"

"Yupi?"

"Aliye nje. Anayechota theluji. Hana koti, bibi we. Mrefu hivyo, na hana koti."

"Mimi simwoni."

"Mimi namwona. Amemaliza njia yako, sasa anasafisha yangu." Akapumua. "Beleshi umempa wewe?"

"Nimempa. Ni siku yake ya tatu. Nimempa jembe aondoke."

"Na amelipokea?"

Kagendo alitazama chini, mahali beleshi lilipokuwa likikaa.

"Amelipokea, Kagendo?"

"Ndiyo."

Nje, kraa... kraa.

"Mama yako alikufunza nusu," Bi Mumtaz alisema hatimaye. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilimtisha Kagendo kuliko yote. "Jembe ni la mgeni mwenye kwake. Akiliona anakumbuka kwake, anakwenda. Asiye na kwake akilishika... huyo si mgeni tena, mwanangu. Mgeni halimi. Anayelima ni wa nyumbani."

"Nifanye nini?"

"Mgeni hufukuzwa. Wa nyumbani utamfukuza kwenda wapi?"

Komeo likasukumwa tena, kwa upande wa juu, ingawa lilikuwa limeshafungwa.

*

Kraa ya mwisho. Kisha kimya.

Kisha nyayo ngazini. Mtu akakung'uta theluji miguuni, mguu mmoja, mguu wa pili, kama afanyavyo kila mtu wa Toronto anayerudi kwake.

Mlango ukafunguka. Hodi haikusemwa.

Beleshi lilirudi nyuma ya mlango, mahali pake. Kagendo alikuwa amesimama kati ya kizingiti na kiti cha Melissa, kisu cha mboga mkononi, akijua kwamba kisu hakina kazi. Hewa ikawa nzito na ya uvuguvugu. Nyayo zilikuja. Zikafika nyuma ya kiti cha mtoto.

Zikasimama.

Melissa, mdomo umejaa wali, aliuliza kwa Kiingereza kama kuna nyama.

Nyayo zikampita. Hazikugeukia chumba cha mtoto. Zilikwenda mpaka mwisho wa ukumbi, kwenye chumba cha Kagendo, na huko zikakoma.

Kagendo aliosha vyombo. Alimtandikia mwanawe shuka kavu, akamlaza kwenye kitanda cha mtoto, akakaa mpaka akasikia anakoroma. Aliwaza kuondoka. Aende wapi, na mtoto mwenye miguu iliyochubuka kwa baridi, kwa basi lipi? Na hata angekwenda, mtu wa nyumbani huhama na nyumba yake. Simu iliita. Ilikuwa Murithi. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

Kazini alitakiwa kabla hakujapambazuka. Angelala kwenye kochi, lakini kochi lilikuwa hatua chache tu kutoka mlango wa Melissa, na alijua ni bora kitu kile kijue mahali pa kumtafuta yeye kuliko kwenda kumtafuta mwingine.

Aliingia, akalala ukingoni kabisa, na nguo zake za kazi.

Upande wa Murithi godoro likabonyea. Taratibu, kama anavyolala mtu asiyetaka kumsumbua mwenziwe. Unyevu ukamgusa mgongo kupitia sweta. Kagendo alibana macho. Aliuma ulimi. Chochote kitakachosemwa, aliapa, hatajibu. Ameshajibu mara moja maishani mwake, inatosha.

Mtambo wa joto ulinguruma, ukazima.

Kisha, karibu na sikio lake, kwa upole:

"Pole na kazi."

Kagendo alihesabu ni nani aliyewahi kumwambia neno hilo tangu aingie nchi hii. Ghalani hakuna. Juu hakuna. Miri hakuna. Chumba cha pili mtoto wake alijigeuza, kitanda kikalia kwa uzito wake mzuri.

"Asante," alisema.

Akasogea kutoka ukingoni, karibu naye.